Viza ya Kuzuru Ulaya: Namna ya Kuiomba, na Sababu za Wengine Kunyimwa

Tumfikirie mama mmoja wa Murang'a, mjane, mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe wawili wa maziwa. Binti yake ni muuguzi katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Siku moja binti huyo anapiga simu kusema kwamba amejifungua mtoto wake wa kwanza, naye angependa mama aje akae naye mwezi mmoja na nusu, na nauli ataitoa yeye. Habari hiyo ni ya furaha, na kabla ya jua kuchwa majirani wote wamekwisha kuisikia. Lakini kati ya furaha hiyo na uwanja wa ndege ipo karatasi moja ndogo ibandikwayo ndani ya pasipoti, iitwayo viza. Na watu wengi wa nchi yetu wamepoteza fedha zao, na wengine heshima yao, kwa sababu hawakufahamu karatasi hiyo ni kitu gani, wala atoaye anatafuta kujua nini.

Kwanza yafaa kutofautisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Pasipoti hutolewa na serikali ya msafiri mwenyewe, na kazi yake ni kusema mtu huyu ni nani na ni raia wa wapi. Pasipoti za namna ya kijitabu kama tuzijuazo leo zilipatanwa katika mkutano uliofanywa Paris mwezi wa Oktoba 1920, chini ya ule Ushirika wa Mataifa uliotangulia Umoja wa Mataifa wa sasa. Ndipo iliposhauriwa kwamba kiwe kijitabu cha kurasa 32. Viza, kwa upande mwingine, hutolewa na serikali ya nchi aendayo msafiri. Neno lenyewe limetoka katika Kilatini, na maana yake ni "iliyotazamwa". Yaani, afisa wa nchi ya kigeni ameitazama pasipoti pamoja na habari za mwenyewe kabla hajaondoka kwao, naye hakuona sababu ya kumzuia asifike mlangoni.

Neno hilo "mlangoni" litiliwe maanani. Mwenye viza amepewa ruhusa ya kufika mpakani na kuomba kuingia. Afisa wa mpaka ana haki ya kumwuliza tena anakwenda wapi, atalala wapi na atatumia fedha gani, na asiporidhika aweza kumrudisha kwa ndege. Kwa sababu hiyo mama wa Murang'a na aweke barua ya mwaliko, karatasi ya bima na tiketi ya kurudia katika mkoba wake wa mkononi, wala asivitie katika sanduku litakalokwenda chini ya ndege.

Viza atakayoiomba huitwa viza ya Schengen. Schengen ni kijiji kidogo cha nchi ya Luxembourg, kando ya mto Moselle, mahali zinapokutana nchi tatu. Hapo, tarehe 14 Juni 1985, nchi tano, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi ya wakati huo, Luxembourg na Uholanzi, zilipatana kuondoa ukaguzi katika mipaka iliyo baina yao. Leo nchi za mapatano hayo ni 29. Bulgaria na Romania zilikamilisha kuingia tarehe 1 Januari 2025. Mkenya aliyezoea kwenda Kampala au Kigali kwa kitambulisho chake ataelewa upesi jambo hili: aliyekwisha kuingia Ujerumani kwa viza hiyo aweza kupanda gari la moshi mpaka Paris bila ya kuomba viza nyingine. Lakini si nchi zote za Ulaya zimo. Uingereza haimo, wala Ireland, wala Cyprus. Uswisi na Norway zimo, ijapokuwa si wanachama wa Umoja wa Ulaya.

Kwa kuwa viza ni moja na nchi ni nyingi, watu huuliza waombe katika ubalozi gani. Jibu ni nchi ambayo msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Kama mama atakaa Hamburg siku 40 na kupita Uholanzi siku 3 kumwona mpwa wake, ombi lake ni la Ujerumani, hata kama ndege yake itatua kwanza Amsterdam. Siku zikiwa sawasawa, ndipo huombwa katika nchi atakayoingia kwanza. Wapo wasemao, "Nenda ubalozi fulani, wao hawana maneno mengi, kisha utajipenyeza." Shauri hilo ni baya. Nchi hizo zina daftari moja la kompyuta liitwalo VIS, ambamo kila ombi huandikwa pamoja na alama za vidole 10 za mwombaji, na habari hizo huhifadhiwa miaka 5. Afisa wa Ubelgiji aona lile ulilowaambia Wafaransa. Hapo ndipo mtu anaposhikwa kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Fomu ya viza ina maswali mengi, na orodha ya karatasi zinazotakiwa ni ndefu hata yachosha. Lakini afisa azisomaye anatafuta majibu ya mambo matatu tu. La kwanza, mtu huyu anakwenda kufanya nini? La pili, nani atalipa? La tatu, je, atarudi? Kila karatasi yafaa iwe inajibu mojawapo la maswali hayo, na isiyojibu lolote ni mzigo mtupu. Tumepata kuona bahasha zenye vyeti vya ubatizo, picha za arusi na barua za sifa kutoka kwa watu watano, lakini hakuna hata karatasi moja isemayo msafiri atarudi siku gani.

Juu ya swali la kwanza, dawa yake ni kusema kweli kwa maneno machache. Mama huyu anakwenda kumwona binti yake na mjukuu wake. Basi na aseme hivyo. Wengine huogopa kutaja jamaa walioko Ulaya, wakidhani wataonekana kuwa watu wanaotaka kuhamia huko, kwa hiyo huandika kwamba wanakwenda kutalii na kuweka hoteli wasiyokusudia kulala. Kisha tiketi inaonekana imelipwa na mtu wa Hamburg mwenye jina la ukoo lile lile. Afisa hahitaji kuwa mtabiri ili atambue kwamba amefichwa jambo, na akishatambua moja, hayaamini na mengine yaliyo kweli.

Barua ya mwaliko huandikwa na binti. Sisi tunaofasiri barua za watu twajua namna zinavyoharibiwa: kurasa mbili za salamu, shukrani kwa serikali, na kuomba huruma kwa ajili ya mama aliyeteseka kuwasomesha watoto. Maneno hayo huenda yakamtoa machozi mfasiri, lakini hayamsaidii afisa. Barua nzuri hutosha nusu ukurasa. Husema mwandikaji ni nani, anafanya kazi gani, anakaa nyumba gani. Mgeni ni mama yake mzazi. Atafika tarehe fulani na kuondoka tarehe fulani. Atalala nyumbani kwake. Na gharama ni za nani. Pamoja na barua hiyo huwekwa nakala ya kibali cha binti cha kukaa Ujerumani, cheti chake cha kuzaliwa kinachoonyesha jina la mama, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Juu ya swali la pili, yaani fedha, Ujerumani ina utaratibu wake. Binti aenda katika ofisi ya wageni ya mji wake, aonyesha karatasi za mshahara, na kutia sahihi hati ya kujitwika gharama zote za mgeni, pamoja na gharama za kumrudisha kwao ikilazimu. Ada ya hati hiyo ni euro 29, nayo hutakiwa itumike kabla ya miezi 6 kupita. Si karatasi ya mchezo: serikali ikimlipia mgeni chochote, yaweza kumdai aliyetia sahihi. Zaidi ya hati hiyo hapana budi kuwe na bima ya safari yenye kulipa matibabu ya dharura mpaka euro 30,000 kwa uchache, itumikayo katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, na yenye kugharimia kumrudisha mgonjwa, au maiti, nyumbani. Mashirika mengi ya bima Nairobi huiuza, na bei yake si kubwa ikilinganishwa na nauli.

Watu wengi wakishapata hati hiyo hudhani kazi imekwisha. Kisha viza inakataliwa, nao hushangaa: "Mbona binti alitia sahihi kulipa kila kitu?" Sababu ni kwamba hati ile hujibu swali la nani atalipa. Haigusi kabisa swali la tatu, nalo swali hilo ndilo liwaangushalo wengi.

Atarudi? Sheria ya viza za Schengen yamruhusu afisa kukataa ombi akiwa na shaka ya maana kwamba msafiri hatatoka kabla ya viza yake kwisha. Hapo si lazima afisa athibitishe kwamba mama atabaki. Mwombaji ndiye apaswaye kuonyesha yanayomvuta nyumbani. Kwa karani wa mjini jambo hilo ni jepesi: ana barua ya mwajiri isemayo amepewa likizo ya siku kadhaa na anatazamiwa kazini tarehe fulani, na ana karatasi za mshahara. Mtu wa shamba hana mwajiri, lakini si kweli kwamba hana kitu. Tatizo ni kwamba vitu vyake havijaandikwa, au vimeandikwa mahali asipofikiri kupatafuta. Mama wa Murang'a hupeleka majani ya chai kiwandani, naye ana karatasi za malipo ya kila mwezi na ya bonasi. Huuza maziwa kwa chama cha ushirika, na chama kina daftari. Ana hati ya shamba. Kama bado ipo kwa jina la marehemu mumewe, aeleze hivyo na kuweka cheti cha kifo. Labda ana akiba katika chama cha akiba na mikopo, na taarifa ya fedha zake za M-Pesa huonyesha miezi mingi ya kupokea na kutoa. Ana watoto wengine walio nyumbani, pengine mmoja angali shuleni naye ndiye amlipiaye karo. Hakuna hata moja ya karatasi hizi itoshayo peke yake. Lakini zikiwekwa pamoja, na barua fupi ya mama mwenyewe isemayo nani atachuma chai na kukama ng'ombe akiwa hayupo na kwa nini ni lazima arudi, afisa aona mtu mwenye maisha yake.

Hapa tuseme juu ya hila ifanywayo na wengi. Ubalozi hutaka taarifa ya benki ya miezi 3 au zaidi, kwa kadiri uagizavyo wenyewe. Mtu mwenye shilingi 9,000 katika akaunti yake hukopa laki nne kwa ndugu na marafiki, huziweka benki Jumatatu, na Ijumaa huchukua taarifa. Anadhani afisa atatazama jumla iliyo chini. Afisa hutazama namna fedha zilivyoingia na kutoka, na kima kikubwa kilichoingia siku nne zilizopita bila ya maelezo humfanya aone haya kwa niaba ya mwombaji. Shilingi 30,000 zilizokaa kwa utulivu, pamoja na hati ya binti, zina nguvu kuliko laki nne za kuazima. Na kama fedha nyingi ziliingia kwa haki, mathalan kwa kuuza ng'ombe au kupokea bonasi ya chai, basi karatasi ya mauzo iambatishwe.

Kuna waovu zaidi, nao ni wale madalali wakaao karibu na ofisi na mitandaoni, wauzao taarifa za benki na barua za waajiri wasiokuwapo. Fomu ya viza haiuzwi, hupatikana bure. Hakuna dalali aliye na mtu wake ndani awezaye kupitisha ombi. Karatasi ya bandia ikigunduliwa ni sababu tosha ya kukataa, hata kama mengine yote ni ya kweli, nayo huandikwa katika daftari lile tulilolitaja. Tena, dalali hakamatwi naye. Jina lililo katika fomu, na sahihi iliyo chini, ni za mwombaji.

Madalali hao wamepata chambo kipya tangu Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mapatano ya uhamiaji na kazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Huwaambia vijana waingie kwa viza ya kuzuru kisha watafute kazi. Mapatano yale yahusu watu wenye ujuzi waombao kwa njia ya viza za kazi na mafunzo. Viza ya kuzuru haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi ya mshahara, wala kwa kawaida haigeuzwi kuwa ya kazi mtu akiwa huko huko.

Kuhusu ada na wakati, maneno machache yatosha. Ada ya viza ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024; mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12 ni euro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Ombi likikataliwa fedha hizo hazirudishwi, maana ni malipo ya kazi ya kulichunguza. Nchi nyingi zimeweka mawakala mjini Nairobi wa kupokea karatasi na kuchukua alama za vidole, nao hutoza ujira wao juu ya ada. Wakala hana uwezo wa kukubali wala kukataa. Ombi lapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisiwe chini ya siku 15. Uamuzi hutolewa kwa siku 15, lakini waweza kufika siku 45. Na kupata siku ya kupeleka karatasi kwaweza kuchukua wiki nyingi miezi ya kabla ya likizo za Ulaya. Pasipoti iwe imetolewa si zaidi ya miaka 10 iliyopita, ibaki na muda wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Tiketi isilipwe yote kabla ya viza kupatikana. Ubalozi hutosheka na karatasi ya kuweka nafasi.

Wengine huuliza mbona Kenya iliondoa viza kwa wageni mwezi wa Januari 2024 na kuweka kibali cha mtandaoni, na Ulaya haikufanya vivyo hivyo kwetu. Hili si jambo la deni, kwamba nikikufungulia mlango nawe umelazimika kunifungulia. Kila serikali hujiamulia. Haki ya msemo huo yaweza kujadiliwa na wakubwa. Msafiri hana budi kufuata sheria iliyopo.

Tuseme sasa mama amepata viza yake. Na aisome kabla ya kuondoka hapo, maana makosa ya jina au tarehe hurekebishwa kwa urahisi wakati huo kuliko uwanjani. Kuna tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha, na kando yake kuna idadi ya siku za kukaa. Mara nyingi muda ulio baina ya tarehe hizo ni mrefu kuliko siku za kukaa, kwa ajili ya ndege kuchelewa na mambo ya namna hiyo. Aliyepewa siku 45 asikae 60 kwa kuwa tarehe ya kwisha bado haijafika. Kadhalika kuna mahali pa idadi ya kuingia. Ikiandikwa 01, basi ni mara moja tu. Mama akivuka kwenda London kumsalimu kaka yake, hata kama ana viza ya Uingereza, ametoka Schengen, na hawezi kurudi Hamburg kupanda ndege yake. Ikiandikwa MULT, aweza kuingia na kutoka.

Hata mwenye viza ya miaka kadhaa afungwa na sheria ya siku 90 katika kila siku 180. Hesabu yake huwatatiza watu, kwa hiyo tutoe mfano. Akiingia tarehe 1 Machi na kutoka tarehe 29 Mei, amekaa siku 90 kamili, kwa sababu siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili huhesabiwa. Siku 180 tangu 1 Machi zaisha tarehe 27 Agosti. Kwa hiyo hawezi kuingia tena kabla ya tarehe 28 Agosti. Zamani hesabu hii ilifanywa kwa kutazama mihuri katika pasipoti, na mihuri mingine ilikuwa haisomeki. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza, hatua kwa hatua, kutumia mashine zinazochukua picha ya uso na alama za vidole mpakani, na mashine hizo huhesabu siku zenyewe.

Na kama mama amenyimwa? Atapewa fomu yenye sababu zilizotiwa alama. Asiitupe kwa hasira, maana ndiyo karatasi yenye faida kuliko zote alizonazo sasa. Ikiwa alama imewekwa penye fedha, atengeneze fedha. Ikiwa penye shaka ya kurudi, hata hati tatu za kujitwika gharama hazitamsaidia, bali zile karatasi za chai na maziwa. Ana haki ya kukata rufani kwa sheria za nchi iliyomnyima. Kwa Ujerumani, ule utaratibu wa kumwandikia ubalozi ufikirie upya uliondolewa tarehe 1 Julai 2025. Iliyobaki ni kushtaki katika mahakama ya mambo ya utawala mjini Berlin ndani ya mwezi mmoja, au kupeleka ombi jipya na kulipa ada tena. Kwa watu wengi ombi jipya ndilo jepesi, lakini liwe jipya kweli, lenye kitu ambacho la kwanza halikuwa nacho. Na fomu ikiuliza kama aliwahi kuomba viza ya Schengen hapo nyuma, aandike ndiyo.